Maneno Yetu Yako Kwenye Maktaba Gani?

Hapa Kakuma tumeulizwa maswali mengi. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo wanafunzi wa vyuo vikuu hawajaacha kuja. Zamani walikuja na daftari, siku hizi wanakuja na tableti. Wanauliza unakula mara ngapi kwa siku, ulikimbia kwa njia gani, watoto wangapi wanasoma, unapikia kuni au makaa. Tunajibu, tunaweka sahihi au kidole gumba, wanashukuru, wanapanda gari. Halafu kimya.

Mimi nimemaliza kidato cha nne na ninafanya kazi na vijana wenzangu kwenye kituo cha mtaani. Ninaandika kwa sababu kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui: yale majibu hayakupotea. Mara nyingi yako kwenye intaneti, bure, na unaweza kuyasoma kwa simu hiyo hiyo unayotumia kuangalia mpira.

Kitabu anachoandika mwanafunzi ili amalize shahada yake kinaitwa tasnifu. Sisi tuliotoka Kongo tunajua memwari ya mwisho wa lisansi, na teze ya udaktari. Ni jamaa moja. Zamani tasnifu ilichapwa nakala chache, ikafungwa jalada gumu, ikawekwa kwenye rafu ya chuo, na aliyeitaka alipanda basi mpaka huko. Mwaka 1997 chuo cha Virginia Tech, Marekani, kiliwataka wanafunzi wake walete tasnifu kwa njia ya kompyuta, na vyuo vingine vikafuata kidogo kidogo. Leo Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, Moi, Makerere na vingine vingi vina hazina ya mtandaoni, ile watu wa maktaba wanaiita ripozitori. Unafungua, unatafuta, unapakua.

Aliyenisukuma kutafuta ni mama yangu mkubwa. Miaka michache nyuma binti mmoja kutoka Ulaya, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, alizunguka mtaani kwetu pamoja na mkalimani akihoji akina mama wa biashara ndogo ndogo. Mama mkubwa anauza omena na mafuta ya kupima. Alikaa naye zaidi ya saa nzima, wateja wakisubiri. Sasa siku moja ananiambia, “Wewe unayejua simu, ile kitabu ya yule dada iliisha? Mule ndani mimi ni namba ngapi?” Maana alikuwa ameahidiwa kwamba jina lake halitaandikwa, ataitwa kwa namba.

Nikaanza. Ukiandika tu “biashara ya wakimbizi Kakuma” unaletewa picha na habari za mashirika. Tasnifu nyingi kuhusu sisi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo lazima utafute kwa maneno ya mtafiti, sio maneno ya mtaani. Sisi tunasema biashara, yeye anaandika livelihoods. Sisi tunasema Waturkana au wenyeji, yeye anaandika host community. Mama mkubwa wangu analea watoto peke yake, kule anaitwa female-headed household. Nilitengeneza orodha ya maneno hayo kwenye daftari, na hiyo orodha ndiyo imenisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Halafu kuna mbinu ndogo ndogo. Jina la kambi liweke ndani ya alama za kunukuu, “Kakuma refugee camp”, ili upate maneno hayo yakiwa pamoja. Ongeza neno thesis. Ukitaka vyuo vya Kenya tu, ongeza site:ac.ke mwishoni. Google Scholar inaleta nyingi, ingawa inachanganya na makala. Kwa vyuo vya nje kuna oatd.org, ambayo kazi yake ni moja tu, kukusanya mahali pamoja taarifa za tasnifu zilizo wazi kutoka vyuo vya dunia nzima. Wanaosoma Kifaransa wajaribu theses.fr kwa teze za Ufaransa, na Memoire Online, ambako kuna kazi nyingi za wanafunzi wa vyuo vya Kongo.

Kuhusu bando: usikimbilie kupakua. Kila tasnifu ina ikisiri, maelezo ya ukurasa mmoja hivi yanayosema aliuliza nini, aliwauliza nani, alipata nini. Kwenye hazina nyingi ikisiri inasomeka palepale bila kufungua kitabu chenyewe. Soma hiyo kwanza. Ukiona inakuhusu, pakua PDF pahali penye WiFi, ukaisome nyumbani bila mtandao. Ukiifungua, usianze ukurasa wa kwanza ukachoka. Nenda kwenye sura ya matokeo, kisha mapendekezo. Humo ndimo sisi tulimo.

Wiki ya tatu nikaipata, kupitia oatd. Mwaka ulikuwa sawa, mtaa ulikuwa sawa. Mama mkubwa alikuwa namba 11.

Tulikaa jioni nikamsomea, nikigeuza Kiswahili polepole. Sehemu nyingi alikubali kwa kichwa. Bei zilikuwa sawa. Jinsi wanavyokopeshana na kulipana ilikuwa imeandikwa vizuri mpaka akafurahi. Kisha tukafika mahali palipoandikwa kwamba namba 11 anakiri hana capacity ya kupanua biashara yake.

“Sikusema hivyo,” akasema. “Mimi nilisema sina uwezo.”

Wewe unayesoma Kiswahili umeshaelewa. Kwetu mtu mwenye uwezo ni mtu mwenye mali. Ukisema sina uwezo wa kufungua duka, unasema sina pesa ya kufungulia. Lakini uwezo pia ni ujuzi, akili, nguvu ya kufanya jambo, na mkalimani akachukua maana hiyo ya pili. Mwanafunzi akaandika alichoambiwa. Sura ya mwisho ikapendekeza nini? Kwamba akina mama hawa wapewe mafunzo. Yaani wajengewe uwezo.

Mama mkubwa alicheka, halafu akaacha kucheka. “Semina nimekaa ngapi? Vyeti ninavyo. Gunia la omena ndilo sina.”

Sisemi kwamba semina zote zinaletwa na tasnifu moja. Ila tasnifu inanukuu tasnifu iliyotangulia, na ripoti inanukuu tasnifu. Neno likikaa vibaya pahali pa kwanza, linasafiri likiwa hivyo hivyo, na kila anayelinakili analiongezea heshima. Mwenye neno yuko hapa sokoni anapima mafuta, hajui.

Tulimwandikia yule binti kwa kupitia idara ya chuo chake. Baada ya mwezi na zaidi alijibu. Alishukuru, akaeleza kwamba tasnifu ikishapitishwa haibadilishwi, lakini kuna makala anaandika kutokana nayo na humo atarekebisha. Akaomba kuongea na mama mkubwa kwa simu. Safari hii mkalimani nilikuwa mimi, na tulipofika kwenye uwezo nilisimama, nikamuuliza mama, “Uwezo wa pesa au wa kujua?” Akanijibu kwa sauti ya kunigombeza, “Wa pesa, mwanangu! Kujua ninajua.”

Baada ya hapo sikuacha kutafuta, na nimegundua kwamba maisha yetu hayako kwenye masomo ya wakimbizi peke yake. Kijana mmoja wa kikundi chetu alitaka kuchoma makaa ya mathenge, ule mti wa miiba unaotuzunguka kila upande. Tukatafuta kwa jina lake la kisayansi, Prosopis juliflora, na vyuo vya Kenya vikatuletea kazi za watu wa misitu, watu wa mifugo, watu wa mazingira. Mmoja anapima jinsi mti unavyoenea, mwingine anajaribu maganda yake kama chakula cha mbuzi. Hakuna neno wakimbizi humo ndani, lakini mti ni uleule.

Au maji. Baadhi ya visima vya Turkana vina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto akikua anakunywa maji yanayozidi hapo kwa miaka mingi, meno yanaota madoa ya kahawia. Hayo nilianza kuyafuata kwenye tasnifu za kemia na za uhandisi wa maji. Kuna msichana kwenye kikundi alikuwa anafunika mdomo akicheka, kwa sababu wenzake walimwambia hapigi mswaki. Sasa anajua sio uchafu, na anaweza kumweleza mtu kwa nini.

Na kuhusu Kakuma yenyewe, anza na tasnifu ya udaktari ya Bram Jansen ya Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, ya mwaka 2011. Jina lake ni The Accidental City. Hoja yake ni kwamba kambi imekuwa kama mji, una maduka, viongozi, tabaka na siasa zake, bila mtu kukaa chini akaupanga. Ndugu zetu Warundi wamtafute Liisa Malkki, aliyefanya utafiti miaka ya 1980 kule Mishamo na Kigoma mjini, Tanzania. Utafiti wake wa udaktari ulizaa kitabu Purity and Exile, 1995. Aliona kwamba wa kambini walikuwa wakisimulia historia yao kila siku kama taifa moja, na wa mjini wengi walichagua kutojulikana kama wakimbizi. Wanaoishi hapa wakiwa na ndugu Nairobi watajua anazungumzia nini.

Sio kila kitu kinapatikana. ProQuest ina tasnifu nyingi sana lakini nyingi zinauzwa. Nyingine zimefungwa kwa muda kwa ombi la mwandishi. Mtandao wa EThOS wa Maktaba ya Uingereza, uliokuwa mlango wa tasnifu za nchi nzima, ulizimika baada ya shambulio la wadukuzi mwezi wa Oktoba 2023. Mlango mmoja ukifungwa, nenda kwenye hazina ya chuo chenyewe. Pia kumbuka kwamba tasnifu ni kazi ya mwanafunzi. Nyingine ni nzuri sana, nyingine ilifanywa haraka kwa wiki mbili za joto. Soma ukiuliza maswali, kama unavyomsikiliza mgeni aliyekuja kukueleza habari za nyumba yako.

Kwenu mnaofanya kazi kwenye mashirika, nina ombi. Mtafiti akija Kenya anatakiwa awe na leseni ya NACOSTI, na kuingia kambini anahitaji ruhusa ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Karatasi hizo nyinyi mnaziona, sisi mara nyingi hatuzioni. Andikeni jina la chuo na mwaka kwenye ubao wa kituo. Kazi ikiisha, bandikeni ikisiri yake kwa Kiswahili, hata nusu ukurasa. Akina mama watakuja kusoma, au watatuma watoto wawasomee.

Kwetu sisi wenyewe, kabla ya kuweka sahihi tuulize matatu: Unasoma chuo gani? Kitabu kitawekwa wapi? Kikitoka, nani hapa ataambiwa? Mtafiti mzuri hakasiriki akiulizwa.

Na wewe kijana unayefanya ukalimani, unalipwa kwa siku na unataka kumaliza mahojiano matano kabla ya jua kali. Neno likiwa na maana mbili, simama umuulize mzee anamaanisha ipi. Sentensi yako ndiyo inayolala maktaba.

Jumamosi mchana tunakaa kituoni na simu tatu na daftari moja. Tunaandika kila tasnifu tuliyoipata: jina, mwaka, chuo, mtaa uliohojiwa. Kama uliwahi kuhojiwa, njoo na mwaka na jina la chuo kama unalikumbuka. Ukikumbuka na namba yako, itatusaidia zaidi.