Kokoteni

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Harrier la mwaka 2004, lenye rangi ya fedha na viti vya ngozi. Bwana mmoja wa Buruburu alilinunua mwaka 2011, lilipoteremshwa melini Mombasa likikaribia kutimiza miaka minane, ambayo ndiyo ukomo wa umri unaoruhusiwa na sheria za Kenya kwa magari makuukuu yanayoingizwa nchini. Wakati huo alikuwa afisa katika kampuni moja ya bima, na aghalabu alilitumia gari hilo kwenda kazini, kanisani, na mara mbili kwa mwaka kijijini. Siku nyingine zote lilisimama mbele ya lango, likioshwa hata pale lilipokuwa safi. Anayeufahamu mtaa wa Buruburu, uliojengwa kwa awamu tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wa kipato cha kati, anajua kwamba gari lililosimama langoni husema mengi kuhusu mwenyewe kabla mwenyewe hajafungua kinywa.

Mwaka 2020 kampuni ilipunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Mkewe alikuwa na biashara ndogo ya kukodisha mahema na viti, ambayo mumewe aliitazama kwa miaka mingi kama mchezo wa mama nyumbani. Mchezo huo nao ulisimama mikusanyiko ilipozuiwa kwa sababu ya korona. Hata hivyo, kafyu ilipoondolewa mwezi wa Oktoba 2021, harusi zilizoahirishwa zilirudi kwa pamoja, na matanga hayakuwa yamekwenda popote. Biashara ya mama ikawa ndiyo biashara ya nyumba.

Maadamu wateja walikuwa Umoja, Jericho, Maringo au Donholm, mzigo ulikwenda kwa mkokoteni. Mzee mmoja aliyezoea kungoja kazi pale Mutindwa aliukokota kwa miaka saba bila kuvunja kiti hata kimoja. Ila watu wa Eastlands wamehama. Wengi walinunua viwanja Ruai, Kamulu na Joska, na huko ndiko wanakoozea na kuzikia. Mkokoteni haufiki Ruai, nayo lori la kukodi hula faida yote na kubakiza mfupa. Bwana yule akakaa na kalamu, akapiga hesabu, akainua macho na kuliona Harrier langoni.

"Litavuta trela," akamwambia mkewe.

"Gari lako hilo?" mkewe akauliza. Hakusema zaidi, na halikuwapo la zaidi.

Fundi alipatikana Kariobangi, kule kwenye karakana ambako chuma kuukuu huzaliwa upya kila siku. Alimtengenezea trela ya ekseli moja, urefu futi nane na upana futi nne, kwa magurudumu na springi za gari lililokufa. Nyuma ya Harrier alifunga chuma cha kukokotea, akakibana kwenye fremu ya gari wala si kwenye bampa, na juu yake akaweka tufe la milimita 50 ambalo mdomo wa trela hulimeza. Aliongeza mnyororo wa usalama na waya za taa. Kisha kukawa na safari za afisini, kwa kuwa trela nchini Kenya husajiliwa peke yake na kupewa nambari yake inayoanza kwa herufi Z, wala haiazimi nambari ya gari linaloivuta.

Yafaa kueleza hapa kwamba Harrier si gari dhaifu. Japani lilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1997, na katika nchi nyingine likapewa jina la Lexus RX. Likiandaliwa ipasavyo, gari la aina hiyo huruhusiwa kukokota tani moja na nusu hivi, mradi trela iwe na breki zake yenyewe. Kwa trela isiyo na breki hali ni nyingine kabisa. Kanuni za Ulaya, mathalani, haziruhusu trela ya namna hiyo kuzidi kilo 750, ikihesabiwa pamoja na mzigo wake. Trela ya Kariobangi haikuwa na breki. Fundi aliyasema hayo waziwazi, na bwana yule aliyasikia kama asikiavyo mtu aliyekwisha kulipa.

Siku ya kwanza kuonekana mtaani na trela, vijana wa dukani walipiga makofi. Jirani mmoja aliuliza kama sasa ataleta na maji ya kuuza. Bwana alicheka nao. Usiku, mkewe alimsikia akitoka nje, na alipochungulia alimwona amesimama gizani akiufunika ule mkono wa chuma kwa gunia.

Yule mzee wa Mutindwa naye aliambiwa. Aliambiwa vizuri, kwa chai na mandazi, kwamba mkokoteni hautahitajika tena, ila siku za mzigo mkubwa anaweza kuja kupakia na kupakua kwa shilingi 300. Zamani kwa safari moja alilipwa 800, na katika hizo alitoa kodi ya mkokoteni, maana mkokoteni haukuwa wake. Alikunywa chai, akashukuru.

Neno lenyewe, mkokoteni, lina jambo ndani yake. Tukio la kuvuta kitu kizito ni kukokota; na ukiwaamrisha watu wengi wavute utawaambia, "Kokoteni!" Wanaisimu na waamue kama jina lilitokana na amri hiyo au kwa njia nyingine, lakini ni vigumu kuusikia mkokoteni ukitajwa bila kuisikia sauti ya mtu aliyesimama pembeni akiwahimiza wengine. Mwenye kukokota hakulipa jina hilo. Yeye ana maarifa mengine: anajua kwamba chombo cha magurudumu mawili ni mizani. Mzigo ukilala nyuma, mikono ya mkokoteni huinuka na kumning'iniza mvutaji hewani miguu ikirusharusha. Ukizidi mbele, humvunja kiuno. Na kipande cha tairi kinachofungwa mkiani ni breki yake; kwenye mteremko huinua mikono, mkia ukagusa lami, tairi likakwaruza na kupunguza mwendo.

Jumamosi moja ya Septemba 2022, mwezi ambao petroli jijini Nairobi ilipanda hadi shilingi 179.30 kwa lita, kulikuwa na harusi Ruai. Mzigo ulikuwa viti 150, mahema mawili na vyuma vyake, na jenereta. Mpwa wa bwana ndiye aliyesimamia upakiaji. Alitanguliza viti, akafuatisha mahema, akalaza vyuma juu mpaka vikachomoza nyuma, na jenereta akaiweka mwisho kabisa, karibu na mlango, kwa hoja kwamba ndiyo itakayotakiwa kwanza. Hoja haikuwa mbaya kwa mtu anayewaza kupakua.

"Mzigo umelala nyuma," mzee alisema.

"Hili si mkokoteni, mzee," kijana akajibu. "Tuharakishe."

Mzee aliingia kiti cha nyuma. Juu ya ngozi walikuwa wamemtandikia magazeti, kwa sababu ya vumbi la nguo zake. Akayakalia.

Walishika Mumias Kusini, wakaingia Outer Ring, kisha barabara ya Kangundo. Ndani ya mji, penye msongamano na matuta, trela ilitii. Walipopita Komarock njia ikafunguka, na bwana, ambaye kwa miezi kadhaa hakuwa na jambo la kufurahia, akakanyaga mafuta. Kwenye kilomita 75 kwa saa, katika mteremko mdogo, mkia wa gari ulianza kutikisika. Mara ya kwanza ulikwenda kushoto kidogo tu, kama mtu aliyeguswa bega. Ukarudi kulia kwa nguvu zaidi. Alipotazama kioo aliiona trela ikiyumba kama mkia wa samaki, na pembeni yake bodaboda iliyobeba mama na mtoto.

Alikanyaga breki, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na ndilo jambo lililokuwa baya zaidi. Gari lilipunguza kasi, trela isiyo na breki ikalisukuma kutoka nyuma, na msukosuko ukazidi. Hapo ikasikika sauti ya mzee, si ya kupiga kelele: "Wacha breki. Nyosha usukani. Wacha lijichokee." Bwana akaachilia miguu yote miwili, akaushika usukani kwa mikono inayotetemeka, na mwendo ukafifia wenyewe mpaka gari likatulia kandokando ya barabara. Mwenye bodaboda alipita akitukana. Mtoto alikuwa bado amelala mgongoni mwa mamaye.

Hakuna aliyezungumza kwa muda. Mzee alishuka, akatafuta mawe manne, akayaweka mbele na nyuma ya magurudumu ya trela. Akamwita kijana washike pamoja mkono wa trela, akamwomba bwana aufungue mdomo wake kutoka kwenye tufe. Ulipofunguka tu, mkono uliinuka wenyewe, ukataka kuwachukua.

"Basi hili ni mkokoteni," mzee akasema.

Sababu ilikuwa hiyo yote. Trela yenye mzigo nyuma ya ekseli huliinua gari mkiani badala ya kulikandamiza, magurudumu ya nyuma yakapoteza mshiko, na kila mtikisiko mdogo ukakuzwa. Wataalamu hushauri kwamba uzito unaoangukia kwenye tufe uwe angalau sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa trela. Mzee hakuwa na asilimia. Walipakua kila kitu majanini, wakaweka jenereta mbele kidogo ya ekseli, vyuma vikasukumwa hadi ukutani mwa mbele, viti vikafuata. Kisha akaujaribu mkono wa trela. Peke yake haukuinuka. Akiwa na kijana, uliinuka kwa shida.

"Sasa funga."

Walifika Ruai wamechelewa saa moja, kwa mwendo wa kilomita 50, na trela haikutikisika tena. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bwana harusi alilalamikia saa ile moja kwa ukali, na bwana wa Buruburu akaomba radhi bila kueleza kitu.

Jioni, langoni, alihesabu shilingi 300 akampa mzee. Ndizo walizopatana. Mzee alizikunja, akaaga. Mkewe, aliyekwisha kusimuliwa yote na mpwa, alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Jumamosi iliyofuata mzee hakuja. Wala simu yake haikushikwa. Siku ya tatu bwana alitembea kwa miguu hadi Mutindwa, akamkuta ameegemea mkokoteni uliojaa kabichi, akila muhogo.

"Nimekuja tuongee, mzee wangu."

"Ongea, mkubwa. Mwenye kabichi ananingoja."

Alisema alilokuja nalo: kwamba mpakiaji awe yeye, na neno la mwisho juu ya mzigo liwe lake. Mzee alitafuna taratibu. Akasema ni shilingi 1,000 kwa safari, iwe ya Ruai au ya Jericho. Bwana alitaja bei ya petroli. Mzee akasema hata yeye ameisikia. Wakanyamaza, magari yakipita.

"Elfu moja," bwana akakubali.

"Na yale magazeti," mzee akasema akiinama kushika mikono ya mkokoteni wake, "uyasome mwenyewe."