Arua na Koboko: Mji Hukua kwa Njia Zake

Msafiri aingiaye Arua kutoka Kampala huukuta moyo wa mji ukiwa na utaratibu. Serikali ya kikoloni ilianzisha kituo hapa mwaka 1914, na barabara za katikati zilipimwa kwa ramani. Aendaye sokoni anazo njia mbili tatu. Moja ikizibwa na lori, hupita nyingine.

Mambo hubadilika kadiri msafiri anavyotoka nje. Tarehe 1 Julai 2020 Arua ilipewa hadhi ya jiji, na mipaka yake ikavimeza vijiji vya Ayivu. Huko ardhi nyingi ni ya ukoo, kwa umiliki wa kimila unaotambuliwa na Katiba ya mwaka 1995. Baba huwagawia wanawe shamba la muhogo; mmoja wao humuuzia mgeni kipande; mgeni hujenga na kuzungushia ua. Hakuna aliyetenda kosa, lakini kijia walichopitia akina mama kwenda kisimani kimekufa. Majirani waonanao madirishani hulazimika kuzunguka mbali ili kutembeleana. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku, gari la wagonjwa huishia barabarani, naye hubebwa hadi lilipo.

Koboko, yapata kilometa 55 kaskazini, imekua kwa namna nyingine. Mji umejinyoosha kando ya njia kuu ziendazo Arua, Yumbe, Kongo na Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Lami imeleta biashara, na kila mfanyabiashara hutaka mlango uelekee barabarani. Nyuma ya maduka, njia za kuunganisha mtaa na mtaa ni chache. Hivyo malori ya mpakani, bodaboda na watoto wa shule hukutana katika barabara ile ile.

Dawa ya kwanza si lami, bali nafasi. Ukoo ukikubaliana kuacha njia kabla ya kuuza viwanja, kila mmoja hupoteza hatua chache tu za ardhi. Nyumba zikishasimama, njia ile ile hudai kubomoa, na Katiba huamuru fidia ya haki ilipwe kwanza. Fedha hizo zingeweza kujenga zahanati.

Koboko bado ina mashamba yasiyogawanywa, Ayivu pia. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mji unaokua, asiyeacha njia leo, kesho atabomoa ukuta.