Lola na Fulana Kubwa

Machi 2021 kaka yangu alituma picha mbili kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ya kwanza ilikuwa ya Lola Bunny, sungura wa kike aliyebuniwa kwa ajili ya filamu ya Space Jam ya mwaka 1996: kiuno chembamba, kifua kimejaa, tumbo wazi, bukta fupi. Ya pili ilikuwa ya Lola wa Space Jam: A New Legacy, iliyotarajiwa kutoka Julai mwaka huohuo, LeBron James akishika nafasi ya Michael Jordan. Huyu alivaa jezi kamili, na kifua kilikuwa kimepungua. Chini yake kaka aliandika: "Wametuharibia utoto wetu."

Hakuwa peke yake. Mwongozaji, Malcolm D. Lee, alikuwa ameliambia jarida la Entertainment Weekly kwamba Lola wa zamani alichorwa kutamanisha mno, naye alitaka wahusika wa kike wenye nguvu. Basi watu wazima, wengine na watoto wao, wakabishana mtandaoni juu ya kifua cha sungura wa katuni. Nilicheka, kisha nikakasirika. Utoto walioulilia ulikuwa wangu pia.

Filamu ile tuliitazama pamoja, DVD imekwaruzika, sisi tumekaa sakafuni. Lola alipotokea, Bugs macho yalimtoka, na kaka na rafiki zake wakapiga miluzi. Mimi nilingoja kinachofuata: Bugs anamwita mwanasesere, Lola anawaka, anampiga chenga na kufunga. Nilikuwa na miaka 8. Kesho yake nilimwomba kaka anifundishe, akanifundisha kweli, jioni baada ya jioni, kwenye ringi ya baiskeli iliyopigiliwa mwembeni. Kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Kidato cha pili nilikuwa kwenye timu ya shule. Siku moja kabla ya mechi mwalimu aliniita pembeni, akanipa fulana kubwa ya kiume nivae juu ya jezi, eti wavulana watulie. Mikono yake ilinifika viwikoni. Nilikosa mitupo yangu yote ya adhabu. Muhula uliofuata sikurudi uwanjani, na hakuna aliyeuliza.

Ndiyo maana Lola mpya hakunifurahisha kama nilivyotarajia. Filamu ilipotoka nilipenda kumkuta Themyscira, kwa kina Wonder Woman, miongoni mwa Waamazoni. Lakini lile la kupunguza kifua nililijua. Waliokosea mwaka 1996 ni wachoraji. Anayevishwa fulana kubwa ni Lola. Wenye kifua nao hucheza mpira, jamani. Waliomlilia na waliomrekebisha walikuwa wakitazama palepale.

Siku ile ya picha niliandika ujumbe mrefu kwenye kundi, nikaufuta. Nikaandika tu: "Kaka, unakumbuka alivyomfunga Bugs?"

Alikaa karibu saa nzima. Akajibu kwamba hakumbuki, anakumbuka bukta. Akaweka vicheko vitatu.

Halafu ukaingia ujumbe mwingine, nje ya kundi, kwangu peke yangu: "Hivi mdogo wangu, wewe uliacha kwa nini kucheza?"

Nikampigia.