Chujio Hutaka Pumzi

Mpwa wangu anajenga nyumba ya wageni Kavimvira, hapa Uvira, na ukumbini anataka tangi kubwa la kioo lenye samaki wa baharini, kama lile aliloliona hotelini Dar es Salaam. "Mjomba, lita 1,000 zitatosha?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba lita si hoja. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita, kwa hiyo tangi hilo litameza kilo 35 za chumvi maalumu kabla samaki wa kwanza hajaingia, na kila akibadilisha maji itabidi anunue nyingine. Nikamwambia ageuke, atazame nyuma ya kiwanja chake. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Tangu miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa akiwasafirisha kutoka Bujumbura, watu wa Ulaya na Marekani wanawafuga majumbani mwao kwa fahari.

Alikubali kufuga samaki hao. Likabaki suala la chujio, na maji ya ziwa letu hayasamehe kirahisi. Samaki hutoa amonia kwenye mashavu. Katika maji yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia 1. Maji yetu yanakaribia pH 9, na hapo sehemu hiyo hufika theluthi moja. Wanaomwokoa samaki ni bakteria waliojishika kwenye sifongo na changarawe za chujio: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Huchukua wiki kadhaa kustawi. Ukiiosha sifongo kwa maji ya bomba yenye klorini, umewaua. Inakamuliwa ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe, taratibu, maji yanatoka ya kahawia, kisha inarudishwa ikiwa bado na utelezi wake. Utelezi huo ndio uhai wa tangi zima.

Wauzaji hulisifia zaidi chujio la mkebe, lenye vibano na pampu yenye nguvu, lisilopiga kelele. Ni zuri pale ambapo umeme haukatiki. Hapa Uvira unakatika. Maji yakisimama saa kadhaa ndani ya mkebe uliofungwa, oksijeni inakwisha, bakteria wanakufa, na umeme ukirudi pampu inawamwagia samaki uozo ule wote. Ndiyo maana nilimshauri achague chujio la wazi: tangi la pili chini ya meza, maji yakishuka kwa kudondoka juu ya changarawe, na kando yake sifongo zinazoendeshwa na pampu ndogo ya hewa, iliyofungwa kwenye betri na paneli ya sola. Halina urembo wowote, lakini usiku wa giza litauvuka.

Kazi hiyo imenifanya niwafikirie watu wanaotuchujia maisha. Katika ukoo wetu yupo shangazi mmoja. Ugomvi wa mashamba, mkwe aliyefukuzwa, kijana aliyerudi kutoka porini na hasira zake, yote huishia kwenye mkeka wake, na kesho yake watu wanasalimiana. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 ukabeba nyumba na watu, waliofiwa walimiminika kwake. Mtu wa namna hiyo haifai kumfungia ndani na uchungu wa kila mtu. Naye anahitaji hewa: siku asizoletewa shauri la yeyote, nauli mkononi, safari ya kwenda Baraka kwa dada yake akacheke. Sasa katika ukoo tunamchangia safari hiyo, na sioni mchango wenye maana kuuzidi.

Ziwa nalo lina wachujaji wake. Mwenye tangi hubadilisha sehemu ya maji kila wiki, ziwa haliwezi. Maji yake mengi huondoka kwa kugeuka mvuke, mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie, na wataalamu wanakadiria kwamba kuyatoa yote kwa mto huo kungechukua karibu miaka 7,000. Uchafu unaoingia leo utakaa na wajukuu wa wajukuu wetu. Upande wetu huu, kinga ni matete ya mlango wa mto Ruzizi na miti ya milimani juu ya mji. Vikifyekwa, tope hushuka mpaka kwenye mawe ya ufukweni, likafunika mwani unaoliwa na sikilidi wale na mianya wanamozalia.

Ndugu unayelima mlangoni mwa Ruzizi, najua shamba ni dogo na watoto ni wengi. Hata hivyo nakuomba: acha ukanda wa matete kati ya jembe lako na maji, hata ukiwa wa hatua ishirini tu.