Kijani cha Kwetu na Nuru ya Ugenini



Mwenye kutembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, au vya Mji wa Kale wa Mombasa, hukutana mara kwa mara na rangi mbili: weupe wa chokaa ukutani na kijani cha madirisha ya mbao. Kijani hicho hakifanani mahali pawili. Kwengine ni chanikiwiti iliyopakwa juzi kwa ajili ya Idi. Kwengine kimepigwa na jua na chumvi ya pwani hata kimekuwa kama jani la mgomba lililoanza kukauka. Hakuna anayekaa kujadili ni kijani gani. Mtu hununua kopo lake, hupaka, na jua humalizia kazi iliyobaki.

Huku Uingereza jua halimalizii kazi ya mtu. Unguja iko digrii 6 tu kusini ya Ikweta, na mchana wake haupungui sana saa 12 mwaka mzima. London iko digrii 51 na nusu kaskazini. Katika siku fupi za Disemba mchana wake hautimii saa 8, na adhuhuri yenyewe jua huwa limeinuka kiasi cha digrii 15 tu, likijificha nyuma ya mapaa ya majirani. Chumba chenye dirisha linaloelekea kaskazini hakipati mwale hata mmoja msimu huo wote. Nuru inayoingia humo ni ya mbingu, si ya jua, nayo ina ubuluu ndani yake. Basi kijani chenye asili ya buluu kikipakwa mle huongezewa ubuluu juu ya ubuluu, kikawa baridi na chenye kijivu. Jamaa yetu mmoja aliitafuta rangi ileile ya madirisha ya kwao Unguja, akaipaka sebule nzima. Wageni wakamwuliza kama amefungua zahanati.

Kijani cha joto ni kile chenye manjano ndani yake, na pengine chembe ya wekundu wa kukituliza. Hatuhitaji kwenda mbali kukitafutia jina, kwani kimo jikoni mwetu: choroko, zeituni, ganda la ndizi inayoanza kuiva. Majina yaliyoandikwa kwenye makopo ya huku hayamfai sana mnunuzi, maana kila kiwanda hujibunia yake.

Wakati tulipokuwa katika kutafuta rangi tulipata safari ya Woking, kusini-magharibi ya London, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni kutoka stesheni ya Waterloo. Huko upo Msikiti wa Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889, wa kwanza katika Uingereza kujengwa tangu mwanzo uwe msikiti. Umepewa jina la Shah Jahan, Begum wa Bhopal katika Bara Hindi, aliyesaidia kwa mali yake. Ni msikiti mdogo, wenye kuta nyeupe na kuba la kijani. Tulifika siku ya mawingu, na kuba lile lilionekana zito, karibu na rangi ya mwani. Baada ya sala mawingu yalipasuka kidogo, na tulipotoka nje tulikuta kuba jingine kabisa. Tunawashauri wenye watoto waende. Wengi wao huzoea kusali katika nyumba na maghala yaliyogeuzwa misikiti, na kuliona jengo lile baina ya miti ya Kiingereza, lenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, ni somo peke yake.

Tuseme neno pia kuhusu dini, kwa sababu wapo wanaodhani kuwa kijani ni rangi ya lazima. Qur'ani Tukufu inataja mavazi ya kijani ya watu wa Peponi, katika Suratul Kahf na Suratul Insaan, na kwa ajili hiyo nyoyo zetu zinaipenda. Lakini hata kuba la Msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, lililojengwa kwanza mwaka 1279, lilipata rangi ya kijani mnamo mwaka 1837 tu. Kabla ya hapo lilikuwa na rangi nyingine. Kwa hivyo mtu apake kijani kwa kuwa anakipenda, si kwa kumwona jirani mwenye kuta nyeupe kuwa amepungukiwa.

Sisi tulikuwa na sababu ya karibu zaidi. Nyumba tunayokaa ni ya kupanga, na chumba cha Mama kinaelekea kaskazini. Tangu alipokuja kutoka Mombasa, baada ya Baba kufariki, Mama hakupenda kukaa humo mchana. Kila asubuhi alikuwa akihamia jikoni na kiti chake na tasbihi yake, akabaki hapo hadi Isha. Hakulalamika. Alisema tu kwamba kule chumbani hakujui ni saa ngapi. Kuta zilikuwa za rangi ya maziwa, ile inayopakwa katika nyumba nyingi za kupanga nchini humu, na mwanga wa kaskazini uliifanya ionekane kama maji ya kuoshea mchele. Mwenye nyumba alituruhusu kwa maandishi tubadilishe, kwa sharti kwamba siku ya kuhama tuirudishe rangi ya kwanza.

Tulinunua vikopo vinne vidogo vya majaribio. Hatukupaka ukutani, kwa kuwa rangi ya zamani inayozunguka hudanganya jicho. Tulipaka makaratasi magumu, kila moja na rangi yake, mara mbili, hadi kingoni, kisha tukawa tunayahamisha: leo kando ya dirisha, kesho nyuma ya mlango. Tuliyatazama asubuhi, adhuhuri, alasiri, na usiku kwa taa. Kwa taa tahadhari inahitajika. Balbu iliyoandikwa 2700 hutoa mwanga wa manjano unaokaribia ule wa kandili. Iliyoandikwa 4000 na zaidi ni nyeupe, na huondoa joto lote la rangi.

Tulimwachia Mama aamue. La kwanza alilisukuma kwa bakora. "Hili la hospitali, wanangu, liondoeni." Mawili yaliyofuata hakuyasemea neno. La nne lilikaa siku tatu, mpaka jioni moja akalishika, akaliweka juu ya leso yake, akasema, "Hizi ni pojo zilizotoka kurowekwa." Watoto, wanaosema choroko kwa kufuata upande wa mama yao, walicheka, lakini jambo likawa limekwisha.

Dukani tulichukua ileile, ila imepunguzwa ukali kwa daraja moja, kwa sababu kuta nne huakisiana na rangi hukoza kuliko ilivyokuwa kwenye karatasi. Kijani kikali chenye manjano mengi huakisi pia usoni, na mtu mzima akaonekana mgonjwa. Chumba ni mita 3 kwa 4, na kimo chake mita 2.4, ukitoa mlango na dirisha hubaki mita za mraba 30 hivi. Lita moja ya rangi ya maji hutosha kiasi cha mita 12 za mraba, kwa hivyo lita 5 zilimaliza kazi ya kupaka mara mbili. Mbao za mlango hatukuzikwangua. Nyumba za zamani za huku, hasa zilizojengwa kabla ya miaka ya 1960, huenda zikawa na rangi yenye madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Mkeka wa ukindu na dele ya shaba vimepata mahali pao, na meza ya mvule imekoza wekundu wake mbele ya ukuta ule. Mama siku hizi hukaa chumbani tangu baada ya Dhuhuri mpaka tumwite kula. Kopo la rangi ya maziwa tumeshalinunua, liko chini ya ngazi, halijafunguliwa.