Siku Mbili na Mama Kando ya Ziwa Kivu

Sisi watu wa Shabunda tunaijua mito tangu utoto. Lakini kwetu kando ya maji ni pahali pa kazi. Akina mama wanaloweka mihogo, wanafua, wanachota. Vijana wanaosha mchanga wakitafuta zahabu. Miaka 2014 na 2015 hata madragi yalikuwa yakinyonya mchanga wa Ulindi. Ni mama gani kwetu amekwisha kuketi kando ya maji bila kazi yo yote?

Mwezi wa saba 2019 nilikuwa na kazi ya kanisa huko Bukavu, nikamchukua mama yangu, aliyekuwa na miaka 70. Barabara ya msituni ilikuwa imeharibika sana, basi tulipanda ndege ndogo mpaka Kavumu. Kazi iliisha siku ya tano. Siku ya posho na siku ya Mungu zikabaki zetu.

Bukavu imejengwa juu ya vilima na ndimi za nchi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Ziwa Kivu liko meta 1.460 juu ya bahari, kwa hiyo upepo wake ni wa baridi kwa mtu wa msitu. Umchukulie mzazi kikwembe kizito. Tena ujue kwamba mjini wakisema «beach» ni bandari, yenye mizigo na makelele. Sisi tulilala katika nyumba ya wageni mbali kidogo, penye nyasi na kivuli karibu na maji.

Mama alikaa juu ya mkeka, lakini mikono yake haikutulia. «Mwana yangu, hakuna vyombo vya kuosha?» Nikamjibu, «Hapana, Mama. Leo ni kupumzika tu.» Baadaye akatia miguu majini. Ziwa hili halina mamba wala kiboko. Lakini usiende mbali, maana kina chake kinafika karibu meta 485.

Jioni wavuvi walitoka, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wakipiga kasia na kuimba. Usiku taa zao zinavuta sambaza. Samaki hao wadogo si wa Kivu tangu zamani. Waliletwa kutoka Tanganyika karibu mwaka 1959. Tuliwala na bugali, mama akaongeza mara mbili.

Siku ya Mungu, kiisha ibada, aliniuliza: «Hii mayi inaendaka wapi?» Nikamweleza: inatoka kwa Ruzizi mpaka ziwa Tanganyika, halafu kwa Lukuga pale Kalemie mpaka Lualaba. Na Ulindi yetu vilevile inaingia Lualaba, ng'ambo ya Kindu. Akanyamaza, kisha akasema, «Basi yetu na hii zinakutanaka.»

Hapo akaanza kusimulia. Alinieleza namna walivyokimbia uasi wa 1964, yeye akimbeba mdogo wake mgongoni siku nyingi, mpaka mtoto akafa kwa homa, wakamzika msituni. Akataja jina lake. Miaka yangu yote sikuwa nimelisikia jina lile. Nyumbani kila mara kulikuwa na moto wa kuwasha, ao mgeni wa kupokea.

Tangu M23 waliingia Bukavu mwezi wa pili 2025, safari kama ile imekuwa ngumu, na wengi hawawezi kuifanya. Lakini, vijana wa machimbo, Ulindi pia ina mchanga na kivuli. Mnawanunulia wazazi nguo na simu, ni vema. Hata hivyo kumheshimu baba na mama ni pia kuketi naye. Chagua siku moja. Beba mkeka, pika wewe mwenyewe, mzazi asiguse hata sufuria. Kisha umwulize habari za zamani, na usiwe na haraka ya kurudi.