Kioo cha simu kinavyokata mashairi yetu

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, kazi ya kuajiriwa ilinibana. Leo siandiki kuhusu seva wala hifadhidata. Nataka tuongee kuhusu mashairi. Usikimbie! Shairi la Kiswahili lina hesabu nyingi kuliko baadhi ya programu ninazolipwa kuandika, na kwa sasa lina tatizo ambalo nadhani ni letu sisi watu wa kompyuta.

Watu wakizungumzia intaneti na fasihi huwa wanabishana kama vitabu vitakufa, au kama vijana wa leo wanasoma. Wanasoma, tena kutwa kucha, ila wanasoma kwenye kioo chenye upana wa vidole vinne. Hadithi haidhuriki na jambo hilo. Mstari wa hadithi ukatike hapa au pale, hakuna anayejali. Riwaya ileile ukiichapisha kwa herufi kubwa inabaki ileile. Shairi la arudhi halikubali mchezo huo, kwa sababu mahali mstari unapoishia ni sehemu ya shairi lenyewe.

Hebu nitunge mshororo mmoja wa kitoto tuutumie kama mfano:

Simu yangu ya kiganja, kila siku naichaji

Hesabu mizani: si-mu-ya-ngu-ya-ki-ga-nja, nane. Ki-la-si-ku-na-i-cha-ji, nane tena. Jumla 16, vipande viwili, ukwapi na utao. Kina cha kati ni "nja", cha mwisho ni "ji". Mishororo minne ya aina hiyo ikishikana kwa vina hivyo, hadi kwenye kiishio, unapata ubeti wa tarbia, ule tuliokaririshwa shuleni.

Sasa hesabu herufi, pamoja na nafasi na mkato. Ni 41. Kwenye simu yangu, ujumbe wa kawaida huingiza herufi kama 30 kwa mstari. Kwa hiyo mshororo wangu unatokea hivi:

Simu yangu ya kiganja, kila
siku naichaji

Umeona? Jicho linaona mstari mrefu na mkia. Kile kina cha kati kimemezwa, na neno "kila" linaning'inia pembeni kana kwamba lina vina na kitu. Zidisha kwa mishororo minne, halafu kwa beti kumi. Walimu wana jina la mistari isiyokamilika kimaana, mistari mishata, na ni mbinu halali kabisa mshairi akiitumia kwa makusudi. Simu yenyewe haina makusudi, inakata palipojaa.

Nililijua jambo hili kwa njia ya ukoo. Mjomba wangu wa Mombasa ana daftari la mashairi 64, aliyoyatunga tangu akiwa kijana. Binamu yangu, kwa nia njema kabisa, alichapa mawili akayatuma kwenye kundi letu la ukoo. Mjomba hutumia herufi kubwa kwenye simu yake kwa sababu ya macho, kwa hiyo kwake mstari haufikishi herufi 25. Dakika tano baadaye akanipigia mimi (kila kinachoharibika chenye umeme katika ukoo wetu ni changu). Nikamwamkia, hakuitikia vizuri.

"Mpwangu, ni nani alonikatia mashairi yangu?"

Nikamweleza kwamba hakuna aliyekata, ni kioo. Akasema kioo hakijui kusoma, basi kisiguse.

Mtu anaweza kuniambia mjomba wako ni wa kale, mashairi huru yamekuwapo miaka mingi. Ni kweli. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, na malumbano yaliyofuata baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko hayajaisha vizuri mpaka leo. Lakini Kezilahabi alichagua mwenyewe pa kukata. Tofauti hiyo si ndogo. Shairi lililokatwa na kioo si huru wala si la arudhi, na mbaya zaidi, linakatwa upya kwenye kila simu. Mimi na wewe tunasoma shairi moja lenye maumbo mawili.

Tatizo lenyewe ni la zamani kidogo kuliko simu hizi za kugusa. Mnakumbuka enzi za SMS? Chukua ule mshororo wa herufi 41 mara nne, ni 164, ongeza alama 3 za kuanza mstari mpya, ni 167. SMS moja hubeba baiti 140, na kwa kuwa kila herufi ya kawaida hutumia biti 7, unapata herufi 160. Ubeti wa tarbia unazidi kwa herufi saba tu! Ndiyo maana watu walianza kuandika "cku" badala ya siku, ili kuokoa gharama ya ujumbe wa pili. Ukiusoma kwa sauti mizani iko palepale, lakini machoni shairi limekondeana.

Siku hizi kikomo hicho kimetutoka, na washairi wamepata mbinu mbili za kupambana na upana wa kioo.

Ya kwanza ni kuandika kila kipande kwenye mstari wake. Ukwapi juu, utao chini. Inasomeka vizuri, vina vyote vinaonekana. Tatizo ni kwamba ubeti wa mishororo minne sasa una mistari minane. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyezoea kusoma mashairi kwenye simu atakuambia hii si tarbia, na atakuambia bahari yake ni utenzi, maana mwalimu alimfundisha kwamba utenzi una kipande kimoja kwa kila mshororo na mathnawi vipande viwili. Hana kosa. Amehesabu alichokiona. Kwenye mtihani alama zitaondoka kwa sababu ya upana wa simu.

Mbinu ya pili ni picha. Mshairi anamwita kijana mwenye programu ya kutengeneza mabango, shairi linapangwa vizuri juu ya picha ya machweo ya jua au waridi jekundu, linatumwa. Mishororo imenyooka, hakuna simu itakayoivunja. Nilikuwa nikidhani watu hufanya hivi kwa kupenda urembo tu. Urembo upo, lakini nilipowauliza washairi wawili ninaowafahamu, wote walinipa jibu moja: picha haikatiki.

Hapo ndipo mtu wa kompyuta anaposhika kichwa. Neno lililo ndani ya picha si neno, ni rangi. Huwezi kulitafuta. Miaka kumi ijayo mtu akikumbuka nusu ya mshororo akauandika kwenye injini ya kutafuta, huenda asiambulie kitu. Asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti, atasikia "picha" basi. Programu za kung'amua maandishi ndani ya picha zipo na zimekuwa nzuri mno kuliko zamani, lakini zipe herufi za mapambo juu ya petali za waridi uone zitakavyoweweseka. Halafu picha ikitumwa na kutumwa tena inazidi kufifia, mpaka inakuwa ukungu wenye waridi.

Kwa hiyo mshairi wa leo anachaguzwa: ahifadhi umbo apoteze maneno, au ahifadhi maneno apoteze umbo. Sidhani kama kizazi kingine cha washairi wetu kiliwahi kuulizwa swali hili namna hii. Muyaka wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu mpaka yakaandikwa mwishoni mwa karne ile, na diwani ikachapishwa 1940. Abdilatif Abdalla alipofungwa kuanzia 1969 hadi 1972 alitungia Sauti ya Dhiki gerezani, akiandika kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilitoka 1973 na beti zake ziko kamili. Karatasi ile haikumpangia mistari. Mizani ilikuwa kichwani, na mkono ulijua pa kusimama.

(Kwa ufupi tu, maana hili linahitaji siku yake: mjomba sasa ameanza kutuma mashairi kwa sauti, anayaimba. Ni mazuri ajabu. Lakini nayo hayatafutiki.)

Kuna jambo jingine linalonichekesha na kunisikitisha pamoja. Washairi wetu wa jadi huweka jina lao, na mara nyingi mji wao, katika beti za mwisho, zile za kaditama. Sisi tungeiita data kuhusu data, na wao waliipachika ndani ya shairi lenyewe, kwa vina na mizani, ili isinyofoke. Ni usanifu mzuri sana. Gazetini, kwa mfano Taifa Leo, jina na mji huwa pia pembeni ya shairi. Kwenye simu, mtu anayesambaza hukata ubeti wa mwisho akabandika "imetumwa kama ilivyopokelewa". Shairi moja la mjomba lilimrudia namna hiyo, halina kaditama, akaulizwa kama amelisikia.

Basi nikaamua kuyaweka mashairi yote 64 kwenye tovuti ndogo, na nikataka kulitatua hili la kukatika. Nilimpa mjomba hoja ambayo nilidhani itamtuliza. Nikamwambia katika miswada ya kale ya herufi za Kiarabu, ubeti mzima wa utenzi aghalabu uliandikwa kwenye mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitenganishwa kwa alama. Tulipohamia herufi za Kirumi na vitabu vya kupiga chapa, kila kipande kikapewa mstari wake. Yaani utenzi wenyewe ulishakatwa zamani, na hakuna aliyelia. Akafikiri kidogo, kisha akaniambia:

"Hao walikata penye kina."

Nilikuwa na maelezo zaidi lakini sikuwa na haja nayo, alikuwa ameshanipa kanuni ya programu. Tatizo si kukata. Kompyuta inakata penye nafasi kati ya maneno kwa sababu nafasi ndiyo alama pekee ya kukatia tuliyoiachia. Haijui kipande ni nini. Tukiiambia, itajua.

Kwa hiyo sikuhifadhi mistari. Nimehifadhi vipande. Kwenye hifadhidata kila shairi lina beti, kila ubeti una mishororo yenye nambari, kila mshororo una vipande. Ukurasa unapoonyeshwa, kila kipande kinafungwa kwenye kisanduku chake ambacho kivinjari kimeamriwa kisikivunje. Kioo kikiwa kipana, visanduku viwili vinakaa ubavu kwa ubavu, mathnawi kama kawaida. Kikiwa chembamba, utao wote unashuka chini ukiwa mzima, na unasogezwa ndani kidogo ili msomaji ajue kwamba huu ni mwendelezo wa mshororo uleule. Nambari ya mshororo iko pembeni, kwa hiyo mwanafunzi akihesabu anapata 4, si 8. Hakuna teknolojia ngeni hapo, ni CSS ya kila siku. Na maneno yamebaki maneno, yanatafutika. Hata mtu akinakili, jina la mtunzi linafuatana na kila ubeti, siyo wa mwisho pekee.

Mjomba alifungua kwenye simu yake, akageuza simu ikalala, akaisimamisha tena, akageuza tena. Akasema, "Haya."

Kilichonipotezea usiku mwingi zaidi ni kuhesabu mizani. Nilitaka programu inayokagua uchapaji: kama kipande hakina mizani nane, huenda neno limerukwa. Kiswahili ni lugha ya huruma kwa jambo hili, kwani ukihesabu irabu umekaribia kumaliza. Kilichobaki ni "m" na "n" zinazosimama peke yake kama silabi. Mtu ni m-tu, nchi ni n-chi, lakini ngoma ni ngo-ma. Nikaongeza sheria kadhaa, nikaendesha. Programu ikalalamikia vipande 41. Mjomba akavipitia kimoja kimoja kwa sauti, akipiga meza kwa kidole. Thelathini na nane, akasema, ni ujinga wa mashine yako. Vitatu alivitazama kwa muda, akachukua kalamu, akarekebisha daftari bila kusema neno.

Nyingi kati ya zile 38 nimeshazimaliza. Iliyobaki ni ile "m" inayotangulia "b" na "v". Mvua ni mvu-a, mizani mbili. Mvuvi ni m-vu-vi, tatu. Hayo unaweza kuyawekea orodha. Lakini "mbaya"? Mtu mbaya ni m-ba-ya, nyumba mbaya ni mba-ya. Tahajia moja, hesabu mbili, na kujua ipi ni ipi programu lazima ijue ngeli ya nomino inayosifiwa, ambayo katika shairi inaweza kuwa imekaa nyuma, mbele, au mshororo wa juu kabisa. Kama kuna mwenye njia nzuri kuliko kumpigia mjomba simu kila mara, aniandikie.